Dripu zile zile, kitanda kwa kitanda: mbona mwenziwe kapona saratani na ya mamaangu imerudi?

BintiWete (Jumanne, saa 4:20 usiku)

Asalam alaykum. Nisameheni, nitaandika kirefu, jambo lenyewe nimelibeba tangu mfungo mosi.

Mamaangu ana miaka 58. Mwaka jana tumbo lilianza kujaa. Mwanzo tukadhani gesi, mara chango, mara jirani akatwambia hili si la spitali, mtafutieni mganga. Likafika ukubwa wa mimba ya miezi minane, na huku mikono imebaki mifupa. Tukampeleka Unguja, Unguja wakatupa barua ya Dar. Kule akatolewa maji tumboni, akachukuliwa kinyama cha kupimwa, jawabu likaja: saratani ya ovari, yaani fuko la mayai, na imeshatambaa kwenye utando wa tumbo. Akaanzishiwa kemo. Dripu mbili siku moja, kila wiki tatu, mara sita. Baada ya ile ya tatu akapasuliwa, kisha akamaliziwa tatu zilizobaki.

Kitanda cha ubavuni alikuwepo bibi mmoja wa Makunduchi. Rika moja na mama, ugonjwa mmoja, dawa zile zile, hata siku zao za kuja zilikuwa moja. Wakawa mashoga wa kweli. Kuna siku nilileta doti ya kanga, mama akaikata akampa mwenziwe kipande. Wakija kwenye dripu kila mmoja kajitanda chake.

Sasa tazameni. Bibi wa Makunduchi ile CA-125 yake, namba ya kipimo cha damu cha kuifuatilia kansa hii, ilianza 1,900. Alipofika kemo ya tatu ikawa 52, alipomaliza 14. Mpaka leo mzima, anakwenda pwani kuchokoa mwani. Mamaangu alianza na 640 tu. Baada ya kemo tatu ikawa 410. Alipomaliza sita ikawa 260, tukaambiwa tusubiri. Miezi minne haijesha, tumbo limerudi. Daktari katwambia dawa za platini hazimsaidii tena, kambadilishia nyengine ya kila wiki.

Hakuna aliyekaa akatueleza kwa nini. Foleni ilikuwa ndefu, daktari kachoka, sisi tumetoka Pemba tumechoka zaidi yake, tukapewa karatasi ya tarehe, basi.

Kinachoniuma si huko kurudi tu. Mama anajilaumu. Kuna mtu alimwambia pweza analisha kansa, akaacha pweza miezi tisa, na huyu ni mtu wa Wete, pweza kwake ni kama wali. Mwengine kamwambia hakusali tahajudi ya kutosha. Na mie nina langu. Kemo ya nne tulichelewa siku tisa, ilikuwa Julai, kusi limechachamaa, boti haikutoka Mkoani. Nauli ya ndege sikuwa nayo. Kila usiku nazihesabu zile siku tisa.

Swali langu: watu wawili, ugonjwa mmoja, dripu moja. Tulikosea wapi?

---

Mkaanga Mihogo (saa 4:41 usiku)

Pole sana dada. Mchemshie majani ya mstafeli, glasi asubuhi na jioni, na habasoda kwa asali. Mke wa rafiki yangu kapona hivyo hivyo, na kemo hakumaliza.

---

Zamu ya Usiku (saa 5:15 usiku)

Pole ukhti. Mie muuguzi, nimekaa wodi ya kinamama miaka kadhaa. Kabla sijasema lolote: unayo karatasi ya maabara, ile ya kinyama? Si ya CA-125. Ile yenye maelezo ya kilichoonekana kwenye darubini. Huwa imo kwenye bahasha, watu wengi hawaifungui kwa kuwa ni Kizungu na maneno yake yanatisha. Kaifungue utwambie imeandikwa aina gani. "Saratani ya ovari" ni jina la pahala ilipo. Ni sawa na kusema mtu anakaa Darajani. Bado hujajua ni nani.

---

Ami wa Panza (Jumatano, saa 12:50 asubuhi)

Wa alaykum salaam binti yangu. Zamu ya Usiku kauliza swali lenyewe hasa, nami nangojea karatasi hiyo. Lakini wakati unaitafuta, niruhusu nikueleze kidogo. Nimekaa miaka 31 nyuma ya dirisha la famasi, 12 za mwisho nikichanganya dawa za kansa. Sasa nimestaafu nafuga kuku. Marehemu babaangu alikuwa fundi wa mashua Kisiwa Panza, kwa hiyo utanivumilia, mie kila kitu nakieleza kwa mashua.

Hizo dripu mbili, moja kaboplatini na nyengine paklitakseli. Hukutaja majina lakini sina shaka, ndiyo jozi ya kuanzia karibu dunia nzima. Kaboplatini imo ukoo wa platini, madini yale yale ya vito. Kisa chake kitamu: mwaka 1965, Marekani, bwana mmoja Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria, na vijiti vyake vya umeme ni vya platini. Bakteria wakarefuka kama tambi, wasigawanyike. Alidhani ni umeme. Kumbe ni platini, ilikuwa ikimumunyuka kidogo kidogo ndani ya maji. Kutokana na hayo ikaja sisplatini, na kaboplatini ni mdogo wake, ana huruma zaidi na figo.

Inachofanya ni hiki: inaingia ndani ya seli, inazishika nyuzi za DNA na kuzifunga fundo pahala pasipofaa. Seli ikitaka kugawanyika inakwama. Chukulia imetobolewa kama mashua. Lakini mashua ikitobolewa haizami hapo hapo. Inategemea ndani mna nani. Akiwemo fundi wa kalafati, na pamba yake na sifa yake, ataliziba lile tundu na safari itaendelea. Asipokuwemo, chombo kinakwenda chini.

Seli zetu zote zina mafundi hao. Wawili wanaojulikana sana ni jeni mbili, BRCA1 na BRCA2. Kuna wanawake wamezaliwa na moja kati ya hizo ni mbovu. Ubovu huo ndio unaowazidishia hatari ya kupata kansa ya matiti na ya ovari, tena mapema kuliko wenzao, kwa kuwa makosa ya DNA yanajilimbikiza bila wa kuyarekebisha. Lakini kansa yenyewe nayo inakuwa haina fundi. Ukiipiga platini inazama vizuri. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa uvimbe 489 wa ile aina iliyo nyingi zaidi, inaitwa sirasi ya daraja la juu, na karibu nusu yake walikuta njia hiyo ya ukarabati ina kasoro, ya kurithi au iliyotokea ndani ya uvimbe wenyewe.

Kwa hiyo zile dripu ni moja, lakini tundu si tatizo moja kwa kila chombo. Hapo ndipo tofauti kubwa inapokaa.

Yapo na mengine. Zipo seli zenye vijipampu kwenye ngozi yao, dawa inaingia wao wanafua maji. Paklitakseli hasa hufuliwa hivyo. Kuna suala la upasuaji: bibi wa Makunduchi pengine daktari alifanikiwa kutoa kila kinachoonekana kwa jicho, na mama pengine vilibaki vipande kwenye matumbo au chini ya kiwambo, ule ukuta kati ya kifua na tumbo. Kipande kikubwa katikati yake damu haifiki vizuri, na dawa inasafiri na damu. Tena mle katikati seli nyingi zimelala hazigawanyiki, na dawa hizi zinawawinda wanaogawanyika.

Na hata dripu zenyewe, nikwambie, si moja. Kaboplatini haipimwi kwa macho. Mwaka 1989 Calvert na wenzake wa Uingereza walitoa kanuni ya kuipima kwa kazi ya figo: figo zikisafisha haraka unapewa milligramu nyingi zaidi, zikisafisha taratibu unapewa chache, ili kiasi kinachokaa kwenye damu kifanane. Chupa mbili zimetundikwa pamoja, rangi moja, lakini ndani namba mbalimbali. Nimeshaona jamaa wakigombana dirishani kwamba mgonjwa wao kapunjwa.

Sasa siku zako tisa. Hapa nataka unisikilize. Kuchelewa kukiwa ni mazoea, kila raundi wiki mbili wiki tatu, na dozi nazo zinapunguzwa, hapo tiba inalegea kweli, na sitakuficha. Lakini rudi kwenye namba ulizoandika mwenyewe. 640, na baada ya kemo tatu 410. Kemo ya tatu ilikuwa *kabla* ya kusi na boti. Tayari ilikuwa inashuka kwa kujikokota. Mwenziwe wakati huo huo katoka 1,900 hadi 52. Kasi ya kushuka CA-125 katika ile miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayoonesha kansa inaisikia dawa kiasi gani, na ya mama ilishaonesha wakati nyote mlikuwa hamjachelewa hata saa moja.

Boti haimo humu.

---

BintiWete (Jumatano, saa 8:05 mchana)

Ami, nimelisoma lile la namba mara nne. Nimelia sokoni, muuza ndimu kaniuliza nimefiwa.

Sikuwahi kuliona hivyo. Nilikuwa nazo namba zote mwaka mzima kwenye daftari la mkopo wa duka.

Karatasi nimeipata, ilikuwa chini ya godoro ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na hati ya shamba. Nimempelekea picha mdogo wangu anayesoma chuo kikuu, SUZA, kanitafsiria: kasinoma ya ovari, *seli angavu*. Sirasi haimo, kaangalia mara mbili. Na kuna sentensi inasema pembeni ya uvimbe wameona dalili za endometriosisi. Hiyo ni nini? Na bibi wa Makunduchi nimempigia simu. Kasema yake mwanawe kamsomea, ni hiyo sirasi ya daraja la juu.

---

Zamu ya Usiku (saa 8:30 mchana)

Basi jawabu umelishika mkononi. Si ugonjwa mmoja.

Endometriosisi ni pale nyama ya ndani ya kizazi inapoota nje ya kizazi, kwenye ovari, kwenye matumbo, na kila mwezi inavuja damu huko huko. Mama alikuwa akiumwa sana na hedhi?

---

BintiWete (saa 8:34 mchana)

Alikuwa akilala chini sakafuni. Mie mdogo nikimkumbuka kashika mguu wa kitanda. Siku mbili kila mwezi tulikula mkate na chai, hapikiki. Bibi akisema ni chango la uzazi, litaisha akizaa. Alizaa watatu.

---

Ami wa Panza (saa 10:15 jioni)

Nilikuwa kwenye kuku, kunradhi.

Seli angavu zimeitwa hivyo kwa kuwa kwenye kioo cha darubini zinaonekana kama zimeoshwa ndani, tupu. Huwa zimejaa glikojeni, wanga wa mwilini, na wakati wa kutayarisha kioo unayeyuka unatoka, inabaki nafasi nyeupe. Aina hii mara nyingi huanzia kwenye endometriosisi kama ile ya mama. Kule Ulaya ni wachache wenye nayo, Japani ni wengi zaidi, na hadi leo sababu ya tofauti hiyo inabishaniwa.

Ukirudi kwenye mashua yangu: sirasi ya daraja la juu ni chombo kilichoundwa haraka, kinagawanyika mbio, karibu kila mara jeni yake ya TP53, ile inayotakiwa kusimamisha seli yenye kasoro, imeharibika, na nusu yake haina fundi wa kalafati. Ndiyo maana inakuja kwa kishindo, CA-125 maelfu, na inaanguka kwa kishindo. Seli angavu kwa kawaida TP53 yake nzima, fundi wake yupo kazini, inagawanyika taratibu. Kilichoharibika kwake mara nyingi ni jeni nyengine kabisa, ARID1A, hilo limejulikana mwaka 2010. Platini kwake inapiga lakini matundu yanazibwa. Wapo wanaoitikia, msinielewe vibaya, na ikikutwa mapema ingali ndani ya ovari tu hali yake ni nzuri. Ikishatambaa, kemo hii ya kawaida inaishika kwa shida. Madaktari wanalijua hilo. Wanaianza kwa sababu bado ndiyo iliyo bora walionayo mkononi kwa mara ya kwanza.

Na maneno aliyosema daktari, "platini haimsaidii tena", ni lugha ya hesabu. Wamepiga mstari kwenye miezi sita baada ya kemo ya mwisho. Ugonjwa ukirudi baada ya hapo, wanasema bado unaisikia platini na wanaweza kumrudishia hiyo hiyo. Ukirudi kabla, wanahesabu imegoma, wanabadilisha. Mstari ni wa watu, hauna ukuta, mtu wa miezi mitano na wa miezi saba hawapishani sana. Mama ni wa minne, kwa hiyo wamefuata utaratibu. Hiyo ya kila wiki, nadhani ni paklitakseli peke yake kwa dozi ndogo? Hiyo inapiga pahala pengine, inashika nguzo za ndani za seli isigawanyike, haitegemei habari ya kalafati.

Maswali ya kwenda nayo siku ya miadi, yaandike kwenye daftari lako la mkopo. Waulize baada ya upasuaji kilibaki kiasi gani. Waulize kama miguu yake ichunguzwe kwa damu kuganda, maana seli angavu ina tabia hiyo kuliko nyengine. Mguu mmoja ukivimba na kuuma au pumzi ikikata ghafla, usingoje miadi. Na muulize moja kwa moja nini wanalenga kwa dawa hii, kupunguza maji na maumivu au kuurudisha nyuma ugonjwa. Daktari akiulizwa hivyo na mtu aliyesoma karatasi, anakaa kitako.

---

Mwani wa Jambiani (saa 3:02 usiku)

Naingilia kwa adabu. Mie ni kama huyo bibi wa Makunduchi, sirasi, BRCA1, mwaka wa nne sasa. Nataka nimwambie BintiWete kitu kimoja ambacho watu waliopona hawakisemi.

Nilipopona watu walikuja kuniuliza nimekula nini. Nikawa nasema: tende, maziwa ya ng'ombe, sikukata tamaa. Nikajiona shujaa kwelikweli. Kuna mwenzangu wa wodi moja alifariki, na mie nilikuwa nikilala chali nikitapika siku ambazo yeye anatembea ukumbini anawatania wauguzi. Alikuwa na moyo kuliko mimi. Alikuwa akila kuliko mimi. Siku daktari aliponieleza habari ya BRCA ndio nikajua nilichokuwa nacho si ushujaa. Uvimbe wangu ulikuwa na kasoro yake.

Nikaacha kusema habari za tende.

Jengine ni la bibi yako wa Makunduchi. Muulize kama kwao wapo walioumwa matiti au ovari. Na aangalie upande wa baba pia, mie yangu ilikuja kwa shangazi zangu wawili na hakuna aliyeihesabu, kila anayeniuliza anauliza habari za mama tu. Wanawe wa kike na wa kiume wote wanahusika. Nani apimwe na lini, hilo la daktari. Kuna na vidonge vya olaparibu, vimeanza kusajiliwa mwaka 2014, vinawazibia hawa seli zisizo na fundi njia ya pili ya kujikarabati. Bei yake inakata pumzi, lakini ni vizuri ajue vipo.

---

Mwalimu wa Chake (saa 3:40 usiku)

Hili limenifungua. Nilikuwa na mwanafunzi, darasa la kidato cha tatu, tumbo lilimvimba skuli nzima ikamsema ana mimba. Mama'ke akampiga. Kumbe uvimbe wa ovari. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko kichwa, tukajua basi tena. Kapasuliwa, kapewa dawa tatu, sisplatini na nyengine mbili, miezi mitatu. Sasa yupo chuo. Nilikuwa nikisimulia kisa chake kwa kila mwenye saratani ya ovari kumpa moyo. Ina maana nilikuwa nachanganya?

---

Zamu ya Usiku (saa 3:58 usiku)

Mwalimu, nia yako njema, lakini ndiyo, ulikuwa unachanganya. Hao wasichana mara nyingi huwa ni uvimbe wa seli za mayai zenyewe, ukoo mwengine kabisa na hizi za kinamama wakubwa. Nyengine mbili alizopewa bila shaka ni bleomisini na etoposidi. Unaitikia dawa vizuri sana hata ukiwa mkubwa. Jina la ovari limewakusanya tu.

Na huyo mama aliyempiga mtoto, natumai alimuomba radhi.

---

Mwalimu wa Chake (saa 4:01 usiku)

Alimuomba. Mbele ya darasa.

---

Mkaanga Mihogo (saa 4:20 usiku)

Mbona mstafeli hamujaujibu? Au kwa kuwa hatuna digrii?

---

Ami wa Panza (saa 4:47 usiku)

Hapana ndugu yangu, si hivyo, nilikuwa nakula. Stafeli lenyewe tunda mpe tu, tamu. Kuhusu majani ya kuchemsha glasi mbili kila siku: paklitakseli inasagwa na ini. Ini hilo hilo ndilo linalosaga mchemsho wako. Vikigombania mlango mmoja, ama dawa itabaki nyingi mwilini imuumize, ama itatoka mapema isifanye kazi, na daktari atashangaa kwa nini damu imeshuka hivi bila kujua mna birika jikoni. Kama wanatumia, wamwambie. Sijapata kuona daktari aliyemfukuza mgonjwa kwa kusema ukweli, nimeona wengi walioumia kwa kuuficha.

Na mke wa rafiki yako, ukipata nafasi, muulize karatasi yake ilisema aina gani. Si kwa ubishi. Kemo alianza, hakumaliza. Huenda ile alokwishapata ndiyo iliyofanya kazi na majani yakachukua sifa.

---

Mkaanga Mihogo (saa 4:55 usiku)

Nitauliza. Sikuwa najua habari za aina.

---

BintiWete (Ijumaa, saa 11:30 jioni)

Nimechelewa kurudi, jana nilikuwa nae Mkoani kuchukua tiketi.

Nimemweleza mama. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye hedhi. Nikamwambia yale maumivu ya sakafuni hayakuwa chango, yalikuwa na jina, na ugonjwa huu pengine ulianza hapo zamani, hata mie sijazaliwa. Akanyamaza. Akaniuliza, "Kwa hivyo mwenzangu wa Makunduchi hakunizidi ibada?" Nikamwambia mama, nyinyi mmeumwa magonjwa mawili kitanda na kitanda. Nikamweleza na fundi wa kalafati, Ami, akacheka, akasema mume wake wa kwanza alikuwa kalafati na chombo chake kilivuja vile vile.

Halafu nikamuonesha namba kwenye daftari, 640 na 410, na tarehe ya boti chini yake. Kasoma pole pole kwa kidole. Kasema, "Basi na wewe lala."

Bibi wa Makunduchi nae tumezungumza. Dada yake alikufa kwa titi, na binti wa dada yake ana uvimbe anauficha. Kasema wiki ijayo anampeleka mwenyewe, kwa nguvu.

Mama kasema hajui hii dawa ya kila wiki itafika wapi, na mie sikumuongopea, nilimwambia daktari tutamuuliza Jumatatu. Maswali matatu ya Ami yapo kwenye daftari, na la nne la mama mwenyewe, anataka kujua kama akichoka anaweza kupumzika wiki moja bila watu kumuona kakata tamaa.

Swali la mwisho jamani, yeye kanituma niulize na anakaa hapa ubavuni mwangu anangojea. Pweza ana shida na hii dawa ya kila wiki?

---

Zamu ya Usiku (saa 11:42 jioni)

Hana shida. Aive tu vizuri, kinga ya mwili inaweza kuwa chini. Na msimtilie pilipili nyingi kama mdomo una vidonda.

---

BintiWete (saa 11:44 jioni)

Kasema pilipili ataamua mwenyewe.